Renfrew, mji uliotaka kombe kwa pesa

Mwaka 1909 dola 5,250 zilikuwa mali. Ndizo alizolipwa Fred Taylor, aliyebandikwa jina la Cyclone kwa mbio zake, ahame Ottawa iliyokuwa bingwa wa Kombe la Stanley, akacheze hoki ya barafuni Renfrew kwa msimu wa mechi 12 tu. Renfrew ni mji mdogo wa bonde la mto Ottawa, jimbo la Ontario, Kanada, na wakati huo timu yake iliitwa Wafalme wa Siagi kwa sababu ya kiwanda cha maziwa cha pale mjini.

Kwa nini mtu mmoja alipwe kiasi hicho? Jibu liko kwenye sheria za mchezo. Kila upande ulikuwa na watu saba, na kupasia mbele kulikatazwa. Kile kisahani cha mpira mgumu ulikisukuma mwenyewe kwa gongo huku ukiteleza, au ukampa mwenzako aliye sambamba nawe au nyuma yako. Mwenye kasi na chenga aliweza kubeba timu nzima.

Mfuko ulikuwa wa M. J. O'Brien, mkandarasi wa reli aliyevuna utajiri wa madini ya fedha huko Cobalt. Mwanawe Ambrose ndiye aliyebisha hodi kwenye ligi kubwa, Montreal, Novemba 1909. Wakubwa wakamkatalia. Katika Hoteli ya Windsor akakutana na Jimmy Gardner wa Wanderers, timu nyingine iliyoachwa nje, na kutokana na mazungumzo yao ikazaliwa ligi mpya, NHA, tarehe 2 Desemba. Gardner akashauri iwepo pia timu ya Wakanada wanaozungumza Kifaransa. Ambrose akaigharamia: ndiyo Canadiens ya Montreal, iliyocheza mechi yake ya kwanza tarehe 5 Januari 1910. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa kwa pesa za Renfrew, ingawa haikufanywa kwa ajili ya Renfrew.

Nyumbani, usajili uliendelea. Walikuja ndugu wawili, Lester na Frank Patrick, na golini akasimama Bert Lindsay. Watu wakaanza kuiita timu Mamilionea. Mwezi Februari wakaenda Ottawa wakafungwa 8-5, mbele ya mashabiki waliomwona Taylor kama msaliti. Mwezi Machi Ottawa ikaja Renfrew ikapigwa 17-2. Inasimuliwa kwamba Taylor alikuwa ameapa kuwafunga Ottawa akiteleza kinyumenyume, na kwamba siku hiyo alitimiza kiapo. Siku chache baadaye Newsy Lalonde, aliyechukuliwa kutoka Canadiens katikati ya msimu, alifunga magoli 9 katika mechi moja dhidi ya Cobalt.

Hata hivyo Renfrew ilimaliza ya tatu: ilishinda 8, ikapoteza 3, ikatoka sare 1. Kombe likaenda kwa Wanderers, waliofungwa mara moja tu.

Msimu uliofuata wenye timu walichoshwa na gharama, wakaweka kikomo cha mishahara: dola 5,000 kwa timu nzima. Yaani kikosi kizima kigawane pungufu ya alichokuwa akilipwa Taylor peke yake. Wachezaji walitishia kuanzisha ligi yao, na nawaelewa kabisa, lakini walikosa viwanja, wakarudi. Mwaka 1911 timu ya Renfrew ikavunjwa.

Ndugu Patrick walikuwa wamekwenda pwani ya Pasifiki. Kwa pesa za biashara ya mbao ya baba yao walijenga viwanja vya barafu ya mitambo Vancouver na Victoria, wakaanzisha ligi yao. Taylor akawafuata. Mwaka 1915 Vancouver ya Frank Patrick ikachukua Kombe la Stanley kwa kuifunga Ottawa, timu ileile ambayo Taylor aliiacha kwa ajili ya Renfrew.