Mahame ya Katuma

Wasomaji wetu walio wengi wamekwisha kusikia habari za Katavi, kwamba ni nyika isiyokaliwa na mtu, makao ya viboko na nyati na simba tangu mwanzo wa dunia. Mgeni apitaye njia ya Mpanda kwenda Sumbawanga, akifika Sitalike na kuvuka mto wa Katuma, huwaona viboko wamelala topeni wakati wa kiangazi, mmoja juu ya mwenziwe, naye huenda zake akidhani ameiona nchi jinsi ilivyokuwa zamani zote. Neno hilo si kweli. Nasi twaona imetupasa kulieleza, maana mwalimu afundishaye watoto wa bonde hilo habari za nchi yao hawezi kuanza kwa kuwaambia ya kuwa babu zao hawakuwapo.

Kwanza tutazame nchi yenyewe. Mto wa Katuma hutoka katika milima ya upande wa Mpanda, hushuka na kuingia katika tambarare, hupitia ziwa la Katavi na mbuga ya Katisunga, hata hufika ziwa la Chada. Toka Chada maji huitwa Kavuu, nayo huenda kuingia ziwa la Rukwa. Na Rukwa halina mto utokao, kila tone lililofika humo halitoki tena ila kwa jua. Katavi na Chada huitwa maziwa, lakini mtu akienda mwezi wa Septemba huona majani makavu na udongo uliopasuka. Masika huja, na pale pale pakawa bahari ndogo. Basi nchi hii yote hutegemea jambo moja, nalo ni kwamba maji ya Katuma yafike.

Makabila ya bonde na kandokando yake ni manne yaliyo makubwa. Upande wa kusini wako Wapimbwe, na nchi yao huitwa Mpimbwe, si Upimbwe, neno ambalo wageni hulikosea mara nyingi. Magharibi, kuelekea ziwa la Tanganyika, wako Wabende na Watongwe, ambao lugha zao ni ndugu. Mashariki wako Wakonongo, na lugha yao yafanana na Kinyamwezi. Kipimbwe hakifanani nacho; jamaa yake ni Kirungwa na Kifipa. Kwa hiyo bonde hili ni mpaka wa lugha, ambapo jamaa za Kinyamwezi na jamaa za Kifipa hukutana mtoni. Mahali penye mpaka wa namna hiyo hapawi nyika tupu. Lugha hazikutani pasipo watu wa kuzinena.

Na jina la Katavi lenyewe ni la mtu, au tuseme ni la mzimu. Wengine hutamka Katabi. Wazee husimulia ya kuwa alikuwa mwindaji mwenye sifa kubwa, na roho yake yakaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa lile, na watu hupeleka sadaka zao chini ya mti huo kuomba mvua na mawindo. Sisi hatukuja hapa kuyapima mambo ya mizimu. Lakini msomaji na aone hili: watu hawaweki madhabahu mahali wasipokaa wala wasipopita. Mkwaju ule sasa umo ndani ya hifadhi ya taifa, na watu bado huuendea.

Wasafiri wa zamani nao walikuta watu. Mwezi wa Januari mwaka 1872 Stanley na Livingstone walishuka pwani ya Tanganyika katika nchi ya Watongwe, wakakata njia kwa miguu kupita nchi ya Kawende, ambayo Stanley aliiandika Ukawendi, hata wakafika Unyanyembe mwezi wa Februari. Miaka saba baadaye, 1879, Wabelgiji walijenga boma lao Karema penye pwani ya ziwa. Na mwaka 1885 boma hilo likatiwa mikononi mwa Mapadre Weupe. Hapo ndipo alipofanya kazi Adrian Atiman, mganga na mwalimu wa dini, aliyekuwa mtumwa utotoni katika nchi za mto Niger, akakombolewa, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu huko hata kufa kwake mwaka 1956. Maisha ya mtu huyu yamestahili makala yake peke yake, wala hatuwezi kuyamaliza hapa.

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Karne ya kumi na tisa ilikuwa imekwisha kuidhoofisha nchi kwa vita vya rugaruga na biashara ya watumwa. Kisha, baada ya 1890, ikaja sotoka, ikaua ng'ombe na nyati pamoja. Watu walipopungua, mashamba yakarudi kuwa msitu, na msitu ukaleta mbung'o, ambaye watu wa bara humwita ndorobo. Mbung'o hupenda kivuli cha miombo na damu ya wanyama wa porini. Na palipo na mashamba mapana na moto wa kila mwaka hakai. Bwana John Ford, aliyetumika miaka mingi katika kazi ya kupiga vita mbung'o, aliandika kitabu mwaka 1971 kuonyesha ya kuwa watu wa Afrika walikuwa wakimzuia inzi huyu kwa makao yao yenyewe kabla ya dawa yo yote kujulikana. Twaona maneno yake yanalifaa sana bonde la Katuma.

Katika miaka ya 1920 ugonjwa wa malale ulionekana katika nchi za magharibi ya Tanganyika. Serikali ya Waingereza, kwa shauri la Daktari Maclean, ikaamua kuwatoa watu katika vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya penye makao makubwa, ili wafyeke msitu kwa wingi wao na inzi akose mahali pa kukaa. Wakonongo wengi walikusanywa Inyonga. Wapimbwe wakasogezwa kusini, mbali na mbuga za Katavi. Shauri hilo halikuwa la kipumbavu. Malale huua, naye mgonjwa wa mwituni hapati daktari; hatuwezi kuwalaumu waganga kwa kutaka kuokoa watu. Lakini yafaa tuhesabu kilichoachwa nyuma. Yaliachwa makaburi, na visima, na miembe, na mizinga ya nyuki mitini, ambayo kwa Mkonongo na Mbende ni kama ng'ombe kwa Msukuma. Kiswahili kina neno zuri kwa mahali pa namna hiyo: mahame. Mtu akipita msituni akakuta mawe matatu ya jiko, na vigae, na mti wa matunda usiootea porini, ajue amesimama katika mahame.

Ugonjwa ulipopungua, watu hawakurudishwa. Hili ndilo tunaloliona kuwa kosa, wala si lile la kwanza. Nchi ilikwisha kuitwa tupu, na nchi iitwayo tupu hupata mwenyewe upesi. Wanyama waliongezeka katika mashamba ya kale, nayo Serikali ikaiweka kuwa mahali pa kuwahifadhi. Na mwaka 1974 Katavi ikawa hifadhi ya taifa, yenye kilometa za mraba 2,253. Katika miaka ya 1990 ikapanuliwa hata kufika 4,471. Miaka ile ile ya 1970 watu wa Mpimbwe walihamishwa tena kuingia vijiji vya ujamaa, basi yumkini mzee aliyezaliwa karibu na Chada alihamishwa mara mbili kabla ya kufa, mara moja kwa ajili ya inzi na mara moja kwa ajili ya maendeleo.

Na wakati wenyeji walipokuwa wakitolewa, wageni walikuwa wakiingia. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, ikijengwa kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Mpanda. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, reli ikabaki, nayo ikaleta watu. Watutsi waliokimbia Rwanda walipewa makao Mwese katika miaka ya 1960. Baada ya mauaji ya 1972 huko Burundi, Warundi walikaa Katumba, na tangu 1978 Mishamo. Msitu waliopewa wakaugeuza kuwa mashamba ya mahindi na maharagwe na tumbaku. Na kwa kufyeka kwao mbung'o akakimbia, kama alivyokimbia zamani mbele ya wenyeji. Mwaka 2010 Serikali iliwakubali kuwa raia zaidi ya watu 160,000 wa makao hayo na ya Ulyankulu. Wasukuma nao walishuka na ng'ombe na plau kutafuta malisho na mashamba ya mpunga. Mwaka 2012 nchi hii ikatengwa na Rukwa, ikawa mkoa, nao ukapewa jina la mzimu wa mkwaju. Sijui kama Katabi angefurahi. Bali twajua wazee wengi walifurahi.

Tusisahau nzige. Mbuga hizi ambazo leo husifiwa kwa wanyama, zamani zilijulikana mbali kwa uovu. Nzige wekundu hutaga katika majani ya tambarare zifurikazo na kukauka, na mbuga za Iku na Katavi na Rukwa ni miongoni mwa mahali pao pa kuzaliwa. Makundi yaliyoruka tangu 1930 hata 1944 yaliharibu mashamba ya nusu ya Afrika ya kusini na mashariki. Kwa hiyo mwaka 1949 serikali za nchi nyingi ziliungana kufanya chama cha kuwalinda, makao yake yakiwa Abercorn, mji uitwao Mbala siku hizi. Tambarare ya Katuma haikuwa kamwe jambo la wenyeji wake tu.

Siku hizi shauri kubwa ni maji. Juu ya hifadhi, pande za Mwamkulu na Kakese, watu hulima mpunga, nao huzuia mto kwa vizuizi vya udongo na miti ili maji yaingie majarubani. Mchele wa Mpanda ni mzuri, na mkulima anao watoto wa kusomesha. Lakini mto ambao wazee waliujua ukitiririka mwaka mzima umeanza kukauka mapema, na viboko husongamana katika madimbwi hata hufa. Tangu 2009 sheria ya maji ya Tanzania huamuru ya kwamba sehemu ya maji ibaki mtoni kwa mahitaji ya watu na ya viumbe, kabla ya mtu ye yote kupewa ruhusa ya kuyatumia. Sheria ni njema. Ila mkulima aliyesikia ya kuwa maji yake yatapelekwa kwa viboko huona ni hadithi ile ile ya babu yake: ya kwamba mnyama hupewa nchi na mtu huambiwa aondoke. Asiyejua habari za mahame hawezi kufahamu hasira hiyo, wala hataweza kumshawishi mtu yule.

Liko jaribio jingine ambalo twaliona lina busara zaidi. Katika milima ya Ntakata, nchi ya Watongwe na Wabende, vijiji vinane, kimoja chao kikiitwa Katuma, vimekubali tangu 2017 kuutunza msitu wao wenyewe, navyo hulipwa fedha kwa hewa ya ukaa inayobaki ndani ya miti isiyokatwa. Fedha hizo hujenga zahanati na madarasa. Tofauti yake na mambo ya zamani ni moja tu: hakuna aliyehamishwa. Msitu una wenyewe, wanakaa kando yake, nao wanajua ni nani aliyekata mti.

Twawaomba walimu wa Usevya, na Inyonga, na Mpanda, na Karema, waandike majina ya mahame kutoka vinywani mwa wazee, kila kisima na kila kilima kwa lugha yake, pamoja na jina la mji uliokuwapo na mahali watu wake walikokwenda. Ramani za hifadhi zinayo majina machache tu, na mengi ni ya mito.