Imeshika ya Wapi?

Busia ni jina moja la miji miwili. Upande wa mashariki ni Kaunti ya Busia, Kenya. Ukivuka kituo cha mpakani uko Wilaya ya Busia, Uganda. Anayetaka kutuma pesa karibu na mpaka huo huulizwa hivi kabla ya salio lake kutajwa: "Imeshika ya wapi?" Hutazama kioo cha simu, akajibu, "Imeshika ya Uganda," kisha akaingia kwenye mipangilio kuirudisha simu kwenye mtandao wa Kenya.

Kitenzi hicho, kushika, nakitetea kwa moyo wote. Modemu, iwe ndani ya simu, ndani ya ruta ya duka au ndani ya kufuli la kielektroniki linalofungwa kwenye lori la transiti pale Malaba, husikiliza minara iliyo karibu kabla ya kujiunga na mmoja. Vitabu vya ufundi huita tendo hilo kusajiliwa, na vina sababu, kwani mtandao nao lazima ukubali. Ila kwetu kusajili laini ni kupeleka kitambulisho. Mwambie mteja modemu yake haijasajiliwa, atapekua mkoba kutafuta kitambulisho. Mwambie haijashika, atainua ruta na kuisogeza dirishani, na hilo ndilo linalotakiwa.

Istilahi nyingine, urandaji, inanisumbua zaidi. Kuranda ni kuzunguka huku na huko. Mama aliyeketi jikoni kwake, hatua chache kutoka mpakani, simu yake ikashika mnara wa ng'ambo, hajaranda popote. Mawimbi ndiyo yaliyomfuata. Kampuni ya Celtel iliona jambo hilo mwaka 2006 ilipounganisha wateja wake wa Kenya, Uganda na Tanzania katika huduma iliyoitwa One Network, na serikali za ukanda huu zikalirudia mwaka 2014 ziliposhusha gharama za kupigiana simu kuvuka mipaka. Watu wa mpakani husema tu, "iko kwa mtandao wa jirani."

Mpangilio wenyewe wa kuchagua mtandao hufanywaje? Kwenye simu unabonyeza kioo. Ukitaka kusema na modemu yenyewe, unafungua programu kwenye kompyuta na kuiandikia amri zinazoanza na AT, herufi zilizokuja na modemu za Hayes mwaka 1981 kwa ajili ya kuitaka modemu itege sikio. Andika AT+COPS=? kisha usubiri, yaweza kupita dakika nzima kabla haijajibu. Jibu likija ni orodha ya mitandao, kila mmoja na namba zake. Zinazoanza na 639 ni za Kenya, zinazoanza na 641 ni za Uganda: 63902 ni Safaricom, 64110 ni MTN. Airtel yaweza kutokea mara mbili, 63903 na 64101. Jina ni lile lile, nchi mbili, na anayesoma jina bila namba atajiunga na ile asiyoitaka.

Mbele ya kila mtandao kuna tarakimu. 2 ni unaotumika sasa, 1 ni unaopatikana, na 3 hutafsiriwa "marufuku". Hapo mfasiri amekosea mlango. Marufuku hutoka kwa serikali, na mpakani neno hilo linakumbusha bidhaa za magendo. Kilichotokea ni kwamba modemu iliomba kuingia, mtandao ukakataa, na namba ya mtandao huo ikaandikwa ndani ya laini ili modemu isiendelee kubisha hodi. Mafundi wa simu husema "imekataa", kama tunavyosema gari limekataa kuwaka. Ningeandika "uliokataa", kwa kuwa neno hilo linamtaja aliyefanya.

Kazi kubwa zaidi ya mfasiri imo katika programu huria ya oFono, iliyotangazwa na Intel na Nokia mwaka 2009. Ndani yake kuna sehemu iitwayo RadioSettings, ambayo programu nyingine huitumia kuiamuru modemu. "Mipangilio ya redio" ingempeleka msomaji kwenye taarifa ya habari ya saa mbili. Mipangilio ya mawimbi inatosha. Humo kuna kipengele TechnologyPreference, na kalamu inakimbilia "upendeleo". Soma maelezo yake kwanza. Ukichagua gsm, modemu hutumia 2G pekee. Umts, 3G pekee. Lte, 4G pekee. Upendeleo uko wapi? Anayependelea chai hunywa maji chai ikikosekana. Modemu hii haitakunywa chochote: mkulima aliye kati ya Malaba na mji wa Tororo, mahali ambapo 4G inafifia, atachagua lte akidhani ameomba "ikiwepo", na atakaa bila mtandao huku 2G ikipita juu ya paa lake.

Neno sahihi mafundi wanalikaribia: wanasema "kufunga 4G". Kasoro yake ni kwamba kufunga pia ni kuzima, na kufunga pia ni kuweka mtambo. Ongeza kauli ya kutendea na utata unaisha: kuifungia modemu kwenye 4G. Anayesikia anajua kwamba imezuiwa humo na haitoki.

Nina imani na midomo ya watu wa mpakani kwa sababu ya neno boda boda. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wa baiskeli walibeba abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakinadi "border, border", na leo neno lao limo midomoni mwa Afrika Mashariki yote bila kamati kulipitisha. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyo Zanzibar, ingefanya vyema kuwasikiliza mafundi wa Busia kabla ya kuandika orodha ya istilahi.

Limebaki any, chaguo jingine la TechnologyPreference, linaloiachia modemu uhuru. "Yoyote" haina mtendaji. Mpakani wanasema "iache ijichagulie", na hapo pana tahadhari: kujichagulia kizazi cha mawimbi, 2G hadi 4G, hakudhuru, ila kujichagulia mtandao ndiko kunakoivusha laini ya Kenya hadi Uganda. Viandikwe kama vipengele viwili, kila kimoja na jina lake.