Bale, Baraza na Nyumba za Mbweni

Kamati ya maadhimisho ilinitaka niandike historia, nami si mwanahistoria. Ni muuza vifaa vya ujenzi niliyeishia kidato cha nne. Nimekubali kwa kuwa jambo moja limenishughulisha dukani. Wateja wanaojenga Mbweni huja na picha katika simu zao na kusema: "Nataka nyumba ya Bali." Ukiwauliza Bali ni wapi, wengi hucheka. Ni kisiwa cha Indonesia ambacho wakazi wake wengi ni Wahindu kama sisi, kwa hiyo si vibaya habari zake zikaingia katika kitabu hiki.

Nyumba ya asili ya Bali si jengo moja. Ni ua uliozungushiwa ukuta, na ndani yake mabanda kadhaa yaitwayo bale: la kulala, la kupokea wageni, la sherehe, jiko nalo lina banda lake. Baadhi ya mabanda hayo yako wazi, nguzo na paa tu. Nyuma ya mlango wa ua husimama ukuta mfupi, aling-aling, unaomlazimisha aingiaye kukata kona. Wenyeji husema pepo wabaya hawajui kupinda. Mimi naona pia humsitiri mwenye nyumba, kama pazia la mlango wetu. Vipimo hutokana na mwili wa mkubwa wa nyumba, urefu wa mikono yake na wayo wake. Mahali pa ibada huelekea mlima Agung na macheo. Kwa wakaao kusini mwa kisiwa, hiyo ni pembe ya kaskazini mashariki. Pembe hiyo hiyo ndiyo wazee wetu wa Gujarat waliyoipendelea kwa sala ya nyumbani.

Umbo hilo lilienea duniani kwa njia ya wageni. Katika miaka ya 1970 Geoffrey Bawa, msanifu wa Sri Lanka, alichora nyumba za Batujimbar katika pwani ya Sanur. Mwaka 1989 ilifunguliwa hoteli ya Amandari karibu na Ubud, kazi ya Peter Muller wa Australia, iliyopangwa mfano wa kijiji. Waliolala humo wakatamani kuishi hivyo makwao. Picha ninazoletewa dukani ni wajukuu wa hoteli hizo, si watoto wa ua wa mkulima.

Nasi hatukuwa maskini wa elimu hii. Mji Mkongwe ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zinazochelewa kupata joto. Boriti za mikoko ziliamua upana wa vyumba, kiasi cha mita tatu, basi vikawa virefu na vyembamba, dari juu. Nyumba za Waarabu zilikuwa na ua wa katikati. Wazee wetu wa Kutch na Kathiawar waliweka duka chini, familia juu, na roshani za mbao zilizonakshiwa zikapokea upepo wa mtaani. Mbweni yenyewe, wamisionari wa Kiingereza walinunua shamba mwaka 1871, wakajenga shule ya wasichana walioachiwa huru kutoka utumwani, ambayo magofu yake yapo hadi leo. Balozi John Kirk, aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, alikuwa na nyumba na bustani huko. Naamini wote waliufuata upepo wa bahari.

Mimi niliufuata, kisha nikaufungia nje. Nyumba yangu ya Mbweni niliijenga kwa matofali ya saruji, dari fupi, upenu mdogo na vioo vikubwa visivyofunguka, nikitegemea viyoyozi. Desemba 2009 njia ya umeme itokayo Bara iliharibika, Unguja ikakaa gizani kiasi cha miezi mitatu. Kaskazi ilikuwa ikivuma, minazi inayumba, nasi ndani tunatokwa jasho kama mkate tanurini. Jenereta ilishinda mfuko wangu. Tukahamishia magodoro katika banda la makuti la mlinzi. Mama, Mungu amweke pema, aliniambia: "Mwanangu, katika nyumba ya babako tulikuwa na taa ya chemli, lakini pumzi hatukuikosa." Sikuwa na jibu. Mchoro niliuchagua mwenyewe.

Baadaye nilibomoa ukuta wa kaskazini na wa kusini wa sebule, nikajenga ukumbi wazi wenye paa refu. Kaskazi huingia huku, kusi huingia kule. Makuti hudai kubadilishwa kila baada ya miaka michache na yanataka hadhari ya moto; siyasifii kupita kiasi.

Sasa mwanangu anajenga jirani nami, na ameleta picha ya Bali. Nimeukagua mchoro: mabanda yamepangwa vyema, upenu mpana, sala iko kaskazini mashariki. Ukuta wa nje una mita tatu, mtupu, hauna pa kukaa mpita njia. Baraza haimo. Nimemwambia aiongeze pande zote mbili za mlango. Saruji na chokaa nitatoa mimi.