Umeme wa boti: ufunge volti 12 au 24?

Uko Msasani, Kunduchi au Kigamboni unafunga umeme kwenye boti, fundi anakuuliza: "Bosi, tunaweka 12 au 24?" Usijibu haraka haraka. Ukikosea hapo unaweza kujikuta nje ya Mbudya, jua linazama na mashine haiwaki.

Volti 12 ni umeme wa bodaboda na gari ndogo. Volti 24 ni wa malori makubwa, betri mbili zimeunganishwa kwa kufuatana.

Tofauti iko kwenye ampea. Mzigo wa wati 240 unavuta ampea 20 kwenye volti 12, lakini ampea 10 tu kwenye 24. Sasa betri iwe mita 10 kutoka kwenye kifaa, waya wa shaba wa milimita 6 za mraba. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 20. Kwenye 12 unapoteza karibu volti 1.2, asilimia 10 nzima! Kwenye 24 unapoteza kama volti 0.6, asilimia 2 na ushee. Kinachopotea kinageuka joto ndani ya waya, na joto karibu na dumu la petroli si utani.

Hata hivyo, boti ndogo yenye injini ya kupachika nyuma ibaki na 12. Injini nyingi za aina hiyo zinachaji volti 12, taa na pampu ya kutoa maji za 12 zinapatikana kirahisi, na betri ipo karibu kila duka la spea. Yoti ndefu yenye winchi ya nanga na friji, hapo 24 inalipa, maana waya mwembamba unatosha na shaba ni ghali.

Wengine wanadhani 24 inaongeza akiba ya umeme. Hapana. Betri mbili za ampea-saa 100 zina wati-saa 2,400 tu, uziunganishe utakavyo.

Kosa ninalolichukia zaidi ni hili: mfumo ni wa 24, halafu mtu anachomoa 12 ya redio kwenye betri moja. Betri hiyo inaisha, mwenzake anachajiwa kupita kiasi, na muda si mrefu zote zinakufa. Nunua kifaa cha kushusha 24 kuwa 12. Betri zenyewe zinunuliwe pamoja, aina moja na ukubwa mmoja. Fyuzi kuu ikae jirani na betri.