Kipakatalishi kikongwe: Diski kwanza, RAM baadaye

KIPAKATALISHI kinapozeeka, mwenyewe huzoea kukiwasha kisha akaenda kutengeneza chai. Akirudi na kikombe mkononi hukuta kivinjari bado hakijafunguka na kishale kingali kinazunguka kama pia. Uamuzi unaofuata huwa wa haraka: mashine imekwisha, sharti inunuliwe nyingine.

Mara nyingi uamuzi huo si sahihi. Prosesa iliyoundwa mwaka 2013 bado ina uwezo wa kuandika barua, kutayarisha hesabu za chama, kuwasilisha fomu za ushuru kwa KRA mtandaoni na kuonyesha masomo ya video. Kinachoizuia ni diski inayoilisha data, na diski hiyo hubadilishwa kwa skrubu chache.

Diski za zamani ni sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika vipakatalishi, huku kichwa chembamba kikisogea juu yake kutafuta mahali data ilipo. Mzunguko mmoja huchukua takribani milisekunde 11. Ukijumlisha na muda wa kichwa kusogea, diski ya aina hiyo kwa kawaida haimudu hata maombi 100 yaliyotawanyika katika sekunde moja. Mfumo endeshi wa kisasa, pamoja na programu ya kupambana na virusi, huomba maelfu ya faili ndogondogo kila mashine inapowashwa. Foleni inayotokea hapo ndiyo inayompa mtumiaji nafasi ya kunywa chai.

Diski ya chipu, ambayo wauzaji huiita SSD, haina kinachozunguka. Ombi moja hujibiwa kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde, na maelfu ya maombi hutimizwa kila sekunde. Hata katika mashine za karibu mwaka 2008, ambazo njia yake ya data huipa SSD nusu tu ya kasi yake, tofauti huonekana siku ya kwanza. Kasi inayotangazwa kwa maandishi makubwa kwenye pakiti ni ile ya kunakili faili moja kubwa. Mtumiaji wa kawaida hufaidika zaidi na wepesi wa kujibu maombi madogo, na wepesi huo haupotei.

RAM ni suala jingine, ingawa watu wengi huichanganya na diski. Diski ni stoo, RAM ni meza ya kazi. Meza ikijaa, kompyuta hulazimika kurudisha baadhi ya vitu stooni ili ipate nafasi, kisha kuvifuata tena vinapohitajika. Stoo yenyewe ikiwa ya mwendo wa kobe, mtumiaji huadhibiwa mara mbili. Hii ndiyo sababu mwenye fedha za kifaa kimoja tu anafaa kuanza na diski: SSD hupunguza makali ya RAM ndogo, lakini RAM kubwa haiiponyi diski nzito. Isipokuwa mashine ina gigabaiti 2 pekee. Hiyo inahitaji vyote viwili.

Kwa matumizi ya kawaida, kutoka gigabaiti 4 hadi 8 ni hatua inayohisika. Kutoka 8 hadi 16 ni kwa wale wanaohariri video, wanaochora ramani za majengo au wanaoacha kurasa hamsini za mtandao zikiwa wazi kutwa kucha. Wengine watakuwa wamelipia nafasi wasiyoikalia.

Kabla ya kufungua mkoba, mwenye Windows 10 anaweza kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na kufungua ukurasa wa utendakazi. Ikiwa diski inaonyesha asilimia 100 kwa dakika nyingi ilhali prosesa haina kazi kubwa, mkosaji amepatikana. Ikiwa ni kumbukumbu inayokaribia kujaa kila wakati, RAM nayo inadai zamu yake. Ukurasa huohuo hueleza ni nafasi ngapi za RAM zimejazwa. Mwenye Windows ya biti 32 azingatie kwamba matoleo hayo ya kawaida hayatumii zaidi ya gigabaiti 4, hata angejaza meza vipi.

<b>Mtego wa herufi moja</b>

Mfano mwafaka ni HP EliteBook 840, mojawapo ya vipakatalishi vilivyozagaa katika maduka ya mashine zilizotumika ng'ambo, yakiwemo ya barabara za Luthuli na Moi jijini Nairobi. Toleo la G1 la mwaka 2013 lina nafasi mbili za RAM, hubeba hadi gigabaiti 16, na hutumia aina ya DDR3L. Toleo la G3, lililofuata miaka michache baadaye, hutumia DDR4. Kwa jicho la mnunuzi ni ndugu wa toka nitoke, lakini RAM ya mmoja haiingii kwa mwingine: DDR3 ya vipakatalishi ina pini 204, DDR4 ina 260.

Hatari kubwa zaidi imo katika herufi ile L. DDR3 ya kawaida huendeshwa na volti 1.5, DDR3L na volti 1.35. Zina pini sawa na pengo mahali pamoja, hivyo huingia bila kulazimishwa. Mashine iliyoundwa kwa volti 1.35 ikipewa ile ya kawaida huenda ikakataa kabisa kuwaka, na mwenyewe akaamini fundi ameiua. Usalama ni kung'oa RAM iliyomo, kusoma kibandiko chake na kununua ya aina hiyohiyo. Muuzaji anayesema "zote ni sawa" aachiwe bidhaa yake.

Upande wa diski, kinachotafutwa kwa mashine za rika hilo ni SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Ikiwa iliyotangulia ilikuwa ya milimita 9.5, pengo linalosalia huzibwa kwa kipande cha plastiki. Kuna pia SSD nyembamba za M.2 zinazofanana na kipande cha chingamu, na hapa wengi hupotea, kwa kuwa umbo hilo moja hubeba aina mbili, SATA na NVMe. Nafasi ndogo ya M.2 iliyo ndani ya EliteBook 840 G1 haikuundwa kwa NVMe. Ukubwa wa gigabaiti 240 au 256 watosha kwa nyaraka na picha za kawaida.

Si kila mashine hukubali ukarabati huu. MacBook Air, tangu ile ya kwanza ya mwaka 2008, RAM yake imeunganishwa kwa risasi kwenye ubao mkuu, na MacBook Pro za skrini ya Retina zilifuata mkondo huo mwaka 2012. Vipakatalishi vingi vyembamba vya bei nafuu vina hata hifadhi iliyounganishwa hivyo. Fundi anayeahidi kuviongezea RAM kwa saa moja aulizwe kwanza ataiweka wapi.

Bidhaa ghushi nazo zipo. SSD ya "terabaiti" kadhaa inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana imefundishwa kudanganya: huiambia kompyuta ina nafasi tele, hupokea faili bila kulalamika, kisha zile zilizopita ukubwa wake halisi hutoweka. Dawa ni kuijaza hadi pomoni kwa programu ya bure ya kupima, kama vile H2testw au F3, kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita, na kabla ya kuikabidhi faili moja yenye maana.

<b>Kisichonunuliwa dukani</b>

Maana yote haya hugharimu fedha, na fedha hutafutwa. Tasnifu ya mwanafunzi, daftari la mweka hazina wa chama, picha za mzazi aliyefariki: hizo hazina duka. Nakala yake iwekwe kwenye diski nyingine ya nje kabla bisibisi haijagusa skrubu ya kwanza, na mwenyewe afungue faili kadhaa za nakala hiyo kuhakikisha zinasomeka. Diski kongwe inayotoa sauti ya kugonga isifanyiwe majaribio. Faili muhimu zitolewe kwanza, chache chache, kwani kuisoma yote kwa mkupuo kunaweza kuwa safari yake ya mwisho. Ikiwa imefungwa kwa BitLocker, ufunguo wa dharura utafutwe mapema.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Mtu anaweza kunakili diski nzima kwenda kwenye SSD kwa kutumia kikasha cha USB na programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure na kwa kawaida huhitaji diski mpya isiyopungua ukubwa wa ile ya zamani. Au anaweza kuweka mfumo endeshi upya na kurejesha faili zake tu. Njia ya pili ina kazi zaidi, lakini huacha nyuma takataka za miaka kumi.

Kazi ya mikono ni fupi. Mashine izimwe kabisa, chaja na betri vitolewe, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa, kisha fundi aguse chuma ili umeme tuli umtoke mwilini. RAM huingizwa kwa mshazari, ikalazwa hadi vibanio vya pembeni vilie. Isipoingia, isisukumwe. Mashine ikikataa kuwaka mara ya kwanza, RAM itolewe na irudishwe tena. Mara nyingi huwa haikukaa sawasawa.

Kuna jambo ambalo SSD haitatui. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na waliojisajili kwa nyongeza walipewa hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. EliteBook 840 G1 ni ya kizazi cha nne. Mwenye mashine kama hiyo aamue mapema kama yu tayari kuhamia Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya bure inayokwenda vyema juu ya SSD na gigabaiti 8. Asipokuwa tayari, au ikiwa betri imekufa, bawaba imevunjika na vitufe vinne havifanyi kazi, ni afadhali fedha zake zielekezwe kwa mashine nyingine. Vilevile bei za chipu za kumbukumbu zilipanda sana duniani mwishoni mwa 2025, viwanda vilipogeukia mahitaji ya vituo vya akili bandia, kwa hivyo RAM iliyotumika na kupimwa mbele ya mnunuzi si ya kudharauliwa.

Diski iliyotolewa isiachwe mezani pa fundi wala kuuzwa ovyo. Kufuta faili, au kufomati kwa haraka, huondoa orodha tu na kuacha yaliyomo, na programu za kuyafufua zinapatikana bure. Zahanati au shule yenye rekodi za watu ndani ya diski hiyo ina wajibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ikiwa ingali nzima, itiwe ndani ya kikasha cha USB na iwe ghala la nakala za akiba. Ikiwa mbovu, sahani zake zitobolewe.