Fedha za afya ya akili na tiba ya uraibu: njia yake kutoka Hazina hadi Idodi

Na Mwandishi Wetu, Iringa

Mwananchi wa Idodi anayemfikisha ndugu yake mwenye ugonjwa wa akili katika kituo cha afya huwa na swali moja kabla ya mengine yote: dawa ipo? Jibu analopewa na mfamasia hutokana na maamuzi yaliyofanyika miezi mingi kabla ya siku hiyo, baadhi yake Dodoma, mengine katika ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Iringa, na mengine hapo hapo kituoni, katika kikao ambacho wanakijiji wengi hawajui kuwa wana wawakilishi wao ndani yake.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika vitabu vya bajeti ya Serikali hakuna fungu linaloitwa afya ya akili. Fedha za huduma hiyo zimo ndani ya mafungu kadhaa. Fungu 52 la Wizara ya Afya hubeba sera, miongozo na hospitali za ngazi ya Taifa, ikiwemo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iliyopo Dodoma. Fungu 56 ni la Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Fungu 73 ni la Mkoa wa Iringa, ambamo hupita mishahara ya watumishi na ruzuku ya halmashauri zake. Mapambano dhidi ya dawa za kulevya yana Fungu 91, linalosimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2015. Kwa mpangilio huo, muuguzi wa Idodi anayehudumia wagonjwa wa akili hulipwa kupitia fungu moja, hospitali anakopeleka mgonjwa aliyezidiwa huendeshwa kwa fungu jingine, na kijana anayeacha heroini huhudumiwa chini ya mpango wenye fungu la tatu.

Mpangilio huu una historia yake. Mirembe ilianzishwa wakati wa utawala wa Waingereza, katika miaka ya 1920, na kwa miongo mingi kumtibu mgonjwa wa akili kulikuwa na maana ya kumsafirisha hadi Dodoma. Mwaka 1980 Tanzania ilianza mpango wa kuipeleka huduma hiyo katika zahanati na vituo vya afya, kwa majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Serikali ya Denmark. Wazo lilikuwa jema na limedumu: daktari bingwa abaki na wagonjwa wagumu, na wengine watibiwe karibu na nyumbani kwao. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 nayo ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni na kuweka utaratibu wa kulazwa kwa hiari, kulazwa bila hiari, na wajibu wa ndugu na vyombo vya dola.

Fedha, hata hivyo, hazikufuata wazo hilo kwa kasi ileile, na hapa Tanzania haiko peke yake. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonesha kuwa nchi nyingi hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya afya ya akili, na katika nchi za kipato cha kati zaidi ya asilimia 70 ya kiasi hicho huishia katika hospitali za wagonjwa wa akili. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa maelfu ya vituo vya mfano wa Idodi.

Katika ngazi ya kituo, chanzo muhimu ni Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao umekuwa ukichangiwa na washirika wa maendeleo tangu mwaka 1999. Zamani fedha zake zilikaa halmashauri na kituo kilisubiri kununuliwa vitu. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya benki ya kila kituo. Kituo huandaa mpango wake, huagiza dawa Bohari ya Dawa, ambayo ina kanda yake Iringa, na bidhaa isipopatikana huko hununuliwa kwa mshitiri aliyeidhinishwa. Anayeidhinisha mpango na matumizi kituoni ni kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi.

Hapo ndipo dawa za akili hupata au hukosa nafasi. Malaria, chanjo na uzazi vina viashiria vinavyokaguliwa kila robo mwaka, na mganga mfawidhi huulizwa kuvihusu. Mgonjwa wa akili aliyekosa dawa mwezi huu haonekani kwenye viashiria hivyo. Huonekana baadaye, akiwa amefungwa kamba nyuma ya pikipiki. Ajabu ni kwamba dawa zenyewe si za gharama kubwa zikilinganishwa na hasara ya kuzikosa. Haloperidoli, sindano ya flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa, na fenobabitoni ya kifafa ni dawa za siku nyingi zilizomo katika orodha ya Taifa. Mgonjwa akikatishwa dawa na hali ikamrudia, familia hulipa nauli ya kumpeleka yeye na wasindikizaji wake Iringa mjini, na ikibidi Mirembe, safari nyingine ya kilomita zipatazo 260. Mara nyingi anayeuzwa ni mbuzi au ng'ombe, wakati mwingine shamba la mpunga.

Kifafa kimetajwa kwa makusudi. Nchini mwetu wagonjwa wake hutibiwa katika kliniki za afya ya akili, na katika Nyanda za Juu Kusini, ambako ufugaji wa nguruwe umeenea, minyoo ya tegu ya nguruwe ni miongoni mwa visababishi vinavyozuilika. Choo bora na banda la nguruwe ni sehemu ya bajeti ya afya ya akili, ingawa hakuna anayeviandika hivyo.

Kuhusu malipo ya mgonjwa, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawaweka wenye magonjwa ya akili miongoni mwa makundi yenye msamaha wa kuchangia gharama katika vituo vya umma. Msamaha huo una udhaifu mmoja: unamwondolea mgonjwa ada lakini haukijazi kituo dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imelenga kuziba pengo hilo kwa kuanzisha mfuko wa kugharamia wasio na uwezo, na miongoni mwa vyanzo vyake imetaja ushuru wa bidhaa kwenye vileo.

Tiba ya uraibu ina njia yake. Huduma ya methadoni kwa waraibu wa heroini na jamii yake ilianza Muhimbili Februari 2011, na Nyanda za Juu Kusini ikafika Mbeya mwaka 2017. Kwa kawaida dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hivyo umbali ni gharama kwa mtu wa kijijini. Sehemu kubwa ya gharama za huduma hiyo imebebwa na Serikali ya Marekani na Mfuko wa Dunia. Marekani iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, kila nchi yenye mpango kama huo ililazimika kujiuliza ni kiasi gani kiko katika bajeti yake yenyewe.

Methadoni haimsaidii mlevi wa pombe. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini pombe nyingine zipo, na ulanzi hauna kiwanda cha kufunga. Kwa mraibu wa pombe tegemeo ni ushauri nasaha na nyumba za upataji nafuu, ambazo kwa kawaida hulipiwa na familia.

Idodi inajua pia jeraha lisilo la ulevi wala la urithi. Agosti 2009 moto uliunguza bweni la Shule ya Sekondari Idodi na kuua wanafunzi wa kike 12. Walionusurika leo ni watu wazima. Majonzi ya namna hiyo huhitaji mnasihi, na mnasihi ni mtumishi mwenye ikama na mshahara, yaani suala la Fungu 73.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango ya vituo huandaliwa miezi kadhaa kabla. Familia yenye mgonjwa inaweza kumwona mjumbe wake wa kamati ya kituo au mwenyekiti wa kijiji katika kipindi hicho, na kutaja kwa jina dawa iliyokosekana na miezi iliyokosekana, ili iingizwe katika makisio. Taarifa na msaada kuhusu dawa za kulevya hupatikana kwa kupiga namba 119 bila malipo.