Kilosa: Ukali wa Mtoto, Damu au Malezi?

Wadau, wahenga walituachia methali mbili ambazo haziwezi kukaa meza moja bila kugombana. Ya kwanza inasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Ya pili inasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro, ugomvi huo si wa maneno tu.

Tarehe 8 Desemba 2000 vijana wa Kimaasai walivamia kijiji cha Rudewa Mbuyuni na kuua watu 38. Kabla ya hapo wakulima walikuwa wamekamata ng'ombe walioingia mashambani. Tangu siku hiyo jibu jepesi limekuwa lile lile: ni damu yao, wamezaliwa na vita. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano wakati ule, awe wa mkulima au wa mfugaji, leo ni mtu mzima wa kuitwa baba au mama. Je, anawarithisha nini wanawe?

Tuanze na historia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Mmarekani, Thomas Beidelman, aliishi na Wakaguru wa Kilosa. Majirani zao walikuwa Waparakuyo, ndugu wa Wamaasai kwa lugha na mila. Hawakuwa malaika hata kidogo. Mwaka 1961 Beidelman alichapisha makala nzima kuhusu unywaji pombe na wizi wa ng'ombe huko Ukaguru. Lakini watu hao hao walikuwa wakihitajiana: huyu ana mifugo, yule ana nafaka na pombe. Waligombana, na bado kesho yake walirudi kilabuni.

Damu haijabadilika tangu wakati ule. Kilichobadilika ni ardhi. Mashamba makubwa ya mkonge yalishachukua sehemu nzuri tangu enzi za mkoloni. Mwaka 1964 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi katika mbuga ya Mkata, na mwaka 1975 ikapanuliwa. Wakulima nao wakaongezeka. Hata baada ya mauaji ya Rudewa, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, baadhi yao waliingia Kilosa na ng'ombe wao. Watu wengi zaidi, malisho machache zaidi, na ng'ombe akikamatwa, mwenye fedha ndiye anayesikilizwa. Hapo hata mpole hukunja ngumi.

Sayansi inasemaje? Haisemi kwamba damu ni bure. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti za ukali kati ya mtoto mmoja na mwingine inahusiana na vinasaba. Lakini hizo ni tofauti kati ya mtu na mtu, si kati ya kabila na kabila. Mwaka 1993 Han Brunner wa Uholanzi alieleza ukoo mmoja ambao wanaume wake kadhaa walikuwa na hitilafu katika kinasaba kiitwacho MAOA, na walikuwa na vurugu. Mwaka 2002 ukatoka utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa. Wavulana wenye aina fulani ya kinasaba hicho walielekea zaidi kuwa wakorofi pale tu walipokuwa wameteswa utotoni. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, na leo inajulikana kwamba vinasaba vingi vinahusika, kila kimoja kwa kiasi kidogo sana.

Sasa turudi nyumbani. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini: waliochapwa zaidi ndio walioonyesha ukorofi zaidi. Utaniambia labda ukorofi ndio ulioleta fimbo. Inawezekana. Lakini kama fimbo ingekuwa dawa, tungeona mgonjwa anapona. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu viboko visivyozidi vinne shuleni, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Nani anahesabu?

Ubaya wa neno "damu" ni kwamba linamaliza mjadala. Ukilitamka, hakuna wa kuulizwa: si aliyechora mipaka, si aliyekula rushwa, si mzazi wala mwalimu mwenye fimbo. Mtoto wa Mkaguru na mtoto wa Mmaasai wa Kilosa hawakuchagua babu zao, lakini malisho, mahakama na darasa ni mambo yaliyo mikononi mwetu watu wazima. Tuanzie hapo.

Nawasilisha.